Filimbi ya Pili

Mgeni wa Bunia anajulikana asubuhi, wakati wa drapo, yaani kupandisha bendera. Filimbi inalia mbele ya kambi, na bulevari nzima, ile barabara kubwa ya mji, inasimama. Mwenye pikipiki anashusha mguu chini na kuzima injini. Mama mwenye beseni la nyanya kichwani anabaki nalo hivyohivyo, shingo imenyooka. Waliokuwa wakigombana wanafunga midomo, ugomvi unangoja. Bendera inapanda polepole kwenye mti wake, nawe unaitazama hata kama nzi amekukalia puani. Mgeni peke yake ndiye anayeendelea kutembea, akishangaa mbona watu wamekuwa sanamu, mpaka askari anamshika mkono na kumpa kupekupe, ile bati ndefu ya kufyekea majani, afyeke kando ya ua wa kambi mpaka jua liwe kali. Kesho yake anakuwa mtu wa Bunia.

Halafu filimbi ya pili inalia, na mji unaendelea pale ulipoachia. Hiyo ya pili ndiyo inayofungua. Bila hiyo hakuna anayetoka, awe mkubwa awe mdogo, na hakuna aliyewahi kuuliza itakuwaje siku ikikosa kulia. Nani angeuliza jambo la kijinga namna hiyo?

Mpigaji wa filimbi zote mbili, katika miaka ile ya amani ya kulala na viatu miguuni, alikuwa ajida mmoja, cheo cha juu kidogo ya sajini, aitwaye Josaphat. Mkewe ni Musoki, mwanamke wa Butembo, mchuuzi wa samaki wa Tchomia, mwepesi wa kusema na mwepesi zaidi wa kucheka. Habari hii ni ya Musoki kuliko ya mumewe, maana yeye ndiye aliyekuwa amebeba siri.

Josaphat hakuwa mtu wa filimbi tangu mwanzo. Alikuwa mkubwa wa mzinga, ule mrija wa mortier unaorusha bomu juu likaangukie mbali. Kazi yake ilikuwa kutoa vipimo. Wenzake wanaelekeza mrija pale anaposema yeye, na bomu linakwenda pale aliposema yeye. Siku moja, upande wa Gety, bomu la milisi, wale wapiganaji wa msituni, lilianguka nyuma ya ukuta wa udongo alipokuwa amejificha, yeye na rafiki yake Gauthier. Ukuta ukawalalia. Walivutwa nje kwa miguu. Baada ya kitambo kidogo Josaphat akaamka, akatema mchanga, akaomba maji. Hakuwa na tundu wala damu, hata kifungo cha shati hakikukatika. Jioni ile walicheka sana. Alipofika nyumbani, Musoki alimkagua mwili mzima kama mtu anayenunua mbuzi, halafu akapeleka jogoo mkubwa kanisani kwa shukrani.

Jogoo yule Musoki alikuja kumfikiria mara nyingi. Alikuwa ameshukuru mapema.

Mambo yalianza kidogokidogo. Chumvi ndani ya chai. Josaphat anatumwa makala, makaa ya kupikia, anarudi mikono mitupu, anakaa kwenye kiti amekunja uso, akijaribu kukumbuka alikuwa ametoka nyumbani kufanya nini. Anauliza kama Falone amerudi shuleni, na Falone, binti yao, amekaa mbele yake anakula. Anajibiwa, anatulia, anauliza tena. Maneno ya kawaida yakamtoroka: ufunguo ukawa ile kitu ya mlango, ndoo ikawa ile ya maji. Jirani akitwanga sombe, majani ya muhogo, kishindo cha kinu kinamuuma kichwani mpaka anafunga madirisha na kulala gizani mchana kweupe. Na yeye aliyekuwa mpole, mtu wa utani, akaanza kuwaka kwa vitu vya bure. Siku moja alirusha sahani ukutani kwa sababu kijiko kilianguka. Kisha akaviokota vipande mwenyewe, machozi yakimtoka, na Musoki akajifanya anatafuta kitu chini ya kitanda ili asimwone.

Jirani yao Honorine, mke wa sajini, hakukawia kujua kila kitu.

"Mama Falone, huyu wamemupa karuho," alisema.

Karuho ni sumu ya polepole. Pale kambini mtu akikonda ni karuho, akikohoa ni karuho, akikataa bugali ni karuho, na Honorine alikuwa na dawa yake ya kutapisha, chungu kupita maelezo. Musoki akamnywesha mumewe. Josaphat alitapika mpaka akabaki hana nguvu ya kusimama, na kesho yake akauliza kama Falone amerudi shuleni. Wengine walisema ni lotoko, ile pombe kali, imemla ubongo. Musoki aliwaacha waseme. Yeye alimjibu kila mtu neno moja, malaria. Ikawa malaria ndefu hiyo, mpaka watu wakaacha kuulizia kwa kumwonea haya.

Kwa nini afiche? Kwa sababu ya Gauthier. Gauthier alikuwa mtu wa ukweli. Alikwenda kwa wakubwa akasema wazi kwamba tangu lile bomu kichwa chake hakimtii. Wakamtazama: hana bandeji, hana gongo, miguu yote ipo na macho yote yapo. Mmoja akasema huyu anaogopa vita. Mwingine akasema huyu amekuwa kichaa. Maneno hayo mawili yakatembea pamoja mpaka Gauthier akavuliwa sare, familia yake ikatolewa kwenye nyumba ya kambi, na magodoro yao yakapakiwa juu ya gari la mizigo kwenda Marabo kwa shemeji. Siku magodoro yale yalipopita, Josaphat alimshika Musoki mkono, akamwingiza ndani, akaweka Biblia juu ya meza.

"Apa," alisema. "Hautaambia mutu."

Musoki akaapa. Na tangu hapo akawa kichwa cha pili cha mumewe. Koloneli Lambert, mkuu wa kambi, alikuwa amempa Josaphat filimbi ili apumzike kidogo baada ya Gety. Kazi ya mzee, wenzake walimtania, na kweli ilikuwa nyepesi: unapiga, unatazama bendera mpaka ifike juu, unapiga tena. Kila asubuhi Musoki alimpangia nguo kitandani, ya kuvaa kwanza ikiwa juu. Alimvalisha filimbi shingoni kwa mikono yake. Mlangoni alimwambia:

"Mbili, Baba Falone. Ya kwanza, na ya pili."

"Mi si mutoto."

"Najua. Mbili."

Kosa la Musoki, kama unataka kuliita kosa, ni kwamba alifanya kazi hiyo vizuri mno. Alimficha mumewe mpaka jeshi likaamini yuko mzima. Kwenye mkusanyiko wa asubuhi yakasomwa majina ya wale watakaorudi Gety Jumatatu, na Josaphat alikuwamo, tena kwenye mzinga wake uleule.

Alimpa mkewe habari hiyo wakiwa mezani. Musoki aliacha kula.

"Ni weye utatoa vipimo?"

"Ni kazi yangu."

"Baba Falone, leo uliweka chumvi mu chai."

"Chumvi haiue mutu."

"Bomu inaua."

Josaphat alimega bugali. "Nikisema, tutaenda na magodoro kama Gauthier," alisema. "Nikienda, labda kichwa itanirudia. Ilibakia kule kule."

"Na kama haitarudia?"

Josaphat akamega tena. Labda alikuwa ameshasahau swali, na Musoki hakuwa na moyo wa kulirudia.

Siku zile usingizi ulimtoroka. Si kwamba aliogopa tu mumewe asije akafa. Hofu hiyo mke wa askari anapika nayo na kufua nayo. Alikuwa anawaona wale wa mzinga, akina Adolphe, waliokuwa wanakuja kwake Jumapili kula na kumsifia sombe ili waongezewe. Bomu litakwenda pale Josaphat atakaposema. Na akisema vibaya, litawaangukia nani? Musoki akifungua mdomo, anavunja kiapo na kumvua mumewe sare kwa mkono wake mwenyewe. Akiufunga, watu watakufa yeye akiwa amenyamaza. Alizunguka na jambo hilo sokoni na nyumbani, mpaka akamkaripia mteja kwa kosa la kutaka kununua samaki.

Ijumaa gari la Tchomia liliingia alfajiri. Ukichelewa unakuta wenzako wamechagua wote wazuri, wamekuachia vichwa na mifupa. Musoki akatoka mapema, akamwacha Josaphat bado amelala, nguo zimepangwa, filimbi imewekwa juu. Kwa hiyo asubuhi ile hakuna aliyemwambia: mbili.

Alikuwa anarudi, beseni la samaki wakavu kichwani, karibu kabisa na lango la kambi, filimbi ya kwanza ilipolia. Akasimama. Pikipiki zikazimwa moja baada ya nyingine. Askari walipanga mistari yao, Koloneli Lambert chini ya mti wa bendera, mkono kwenye paji la uso. Bendera ikapanda, ikafika juu, upepo ukaifungua.

Kimya.

Watu wakangoja. Hakuna anayepima muda huo kwa saa, mwili wenyewe unajua filimbi inakuja lini, na miili ya bulevari nzima ilikuwa imeshaanza kuinama mbele kwa kuondoka. Filimbi haikuja. Mwenye pikipiki mmoja alipeleka mkono kwenye ufunguo, akaurudisha. Mbuzi aliyefungwa nyuma ya pikipiki nyingine akalia, akalia tena, maana yeye peke yake hakuijua sheria.

"Nani amekufa?" alinong'ona mama mmoja bila kusogeza midomo.

Swali likatembea. Lazima kuna mkubwa amekufa kule Kinshasa, ndiyo maana tunasimamishwa hivi. Mzee mmoja akavua kofia. Dada mmoja mbele ya duka la simu akaanza kulia machozi ya kweli kwa marehemu asiyemjua. Lakini amani ya miaka ile ilikuwa nyembamba, na neno la pili likaja nyuma ya lile la kwanza: labda milisi wako njiani, labda hawa askari wanajua kitu. Macho yakaanza kutafuta pa kukimbilia. Askari wa zamu langoni alikuwa anatoka jasho, bunduki imeshuka begani iko mikononi, akitazama pikipiki hii, akitazama ile. Alikuwa anangoja amri, na amri haiji.

Hata koloneli hakuweza kufanya kitu. Mkono wake kwenye paji la uso ulikuwa umeanza kutetemeka kwa kuchoka, lakini sheria ni yake mwenyewe, atashushaje mkono kabla ya filimbi mbele ya mji mzima? Akabaki amekaza macho juu, amefura kwa hasira.

Na pembeni yake alisimama Josaphat. Filimbi ikining'inia kifuani, mikono imenyooka, macho kwenye bendera. Mtu yeyote angesema: tazama askari kamili. Musoki peke yake, katika bulevari nzima, aliujua uso ule. Ule ulikuwa uso wa makala, uso wa mtu aliyetumwa na hajui alitumwa nini.

Angeweza kungoja. Pengine mtu angekohoa, pengine koloneli angegeuka, na wao wawili wangepata uongo mwingine wa kusema nyumbani. Lakini aliiona bunduki ya askari wa zamu, na kidole kimefika mahali pake. Akapiga magoti polepole, akashusha beseni zito bila mtu wa kumtua, akaliweka barabarani. Halafu akatembea.

Sapatu zake zilisikika mpaka mwisho wa mistari. Watu wakamfuata kwa macho tu, vichwa vikiwa vimenyooka.

"Mama, simama," alisema yule wa langoni.

"Niko nasimama, baba," Musoki alimjibu kwa upole, akampita. "Niko nasimama."

Akavuka uwanja. Josaphat alimwona bila kugeuza shingo, na uso wake ukawa wa mtu anayepelekewa maji.

"Musoki," alisema chinichini, "nilipiga?"

"Ulipiga ya kwanza."

"Na ya pili?"

"Bado."

"Sikujua. Niliogopa kuipiga mara mbili."

Musoki aliishika filimbi pale kifuani, akaipandisha, akamtia mdomoni kama anavyomlisha mtoto uji. "Piga, Baba Falone," alisema.

Josaphat akapiga. Bunia haijapata kusikia filimbi ndefu kama ile. Pikipiki ziliwaka zote kwa pamoja, mzee akarudisha kofia, yule dada akajifuta macho na kuulizia jina la marehemu, na kila mtu akakimbilia alikokuwa anakwenda kabla wakubwa hawajabadilisha mawazo. Koloneli Lambert akashusha mkono, akausugua, akaonyesha kwa kidole mlango wa ofisi yake. Wote wawili.

Ndani, koloneli hakuketi.

"Ajida, nieleze."

Josaphat alisimama fiksi, wima kama mti, akajibu haraka kama mtu aliyejiandaa njiani. "Nilikunywa, mon colonel. Lotoko. Adhabu ni yangu, muke hana kosa."

Musoki alimgeukia. Mume wake, ambaye hata harusini kwao alishika chupa moja ya soda mpaka ikapata moto, anajiita mlevi mbele ya mkubwa wake. Akamwelewa vizuri sana. Mlevi anafungwa kidogo, anapigiwa kelele, anatoka, na Jumatatu anapanda gari la Gety pamoja na wenzake. Mlevi anabaki na sare. Koloneli mwenyewe alianza kulegea mabega, maana ulevi ni kitu anachokijua, na adhabu yake anaijua.

Hapo ndipo Musoki alipokiona kiapo chake chote, na Biblia juu ya meza, na magodoro ya Gauthier yakipita. Akasema hata hivyo.

"Hakukunywa, Koloneli. Munuse mdomo. Ile bomu ya Gety iliingia mu kichwa yake na haijatoka. Anasahau. Anasahau njia, anasahau maneno, anasahau kama mutoto iko mbele yake. Ni mi nilikuwa namuficha. Kama mutamutuma Jumatatu, ataua Adolphe na wengine wote, hata bila kupenda." Akapumua. "Basi. Nilisema."

Josaphat hakumtazama. Alitazama ukutani. "Uliapa," alisema kwa sauti ndogo.

"Niliapa. Mungu ataniita, nitamujibu mi mwenyewe."

Koloneli Lambert akawatazama mmoja kisha mwingine. Kisha akamtuma mlinzi amwite daktari.

Dokta Hortense alikuwa kapiteni wa afya, mwanamke mfupi mwenye miwani, aliyekuwa ameletwa Bunia si zamani. Asubuhi ile alikuwa amesimama kwenye mistari pamoja na wengine, akangoja filimbi pamoja na wengine. Hakuuliza maswali mengi. Alimketisha Josaphat kwenye kiti cha koloneli, na koloneli akabaki wima ndani ya ofisi yake mwenyewe.

"Nitakupatia maneno, utayashika," alisema. "Mkate, mto, shoka, dirisha, kuku." Josaphat akayarudia sawasawa. "Vizuri. Sasa nihesabie miezi, uanzie mwisho, urudi nyuma."

"Desemba. Novemba. Oktoba." Akakwama. Jasho likamtoka. "Oktoba... Desemba."

"Basi. Simama mguu moja, funga macho."

Ajida Josaphat, aliyewahi kubeba mrija wa mzinga mabegani na kupanda nao mlima, aliyumba akamshika koloneli begani ili asianguke. Koloneli akamwacha amshike.

"Yale maneno?" aliuliza Dokta.

Josaphat akafikiri. Walimsikia akifikiri. "Kuku," alisema mwishowe. "Na ile ya kukata."

Musoki alifumba macho. Siri yote ilikuwa imewekwa mezani, mbele ya wakubwa, na hapakuwa na mahali pa kuirudisha. Akangoja neno kichaa.

Halikuja. "Najua hii kitu," alisema Dokta Hortense. "Niliiona kwa wengi, mahali mabomu inalia. Tunaiita commotion. Si wazimu, ajida. Si sumu, si lotoko, si malaria. Ubongo ilitikisika. Weye unajua kibuyu ya maziwa? Ukiitikisa, kibuyu haipasuke, inje inabakia nzuri tu. Lakini maziwa ya ndani si ile ya mbele."

Josaphat alilipima jambo hilo kwa makini. "Maziwa ikitikiswa sana inakuwa siagi, Dokta," alisema. "Sasa mi ni siagi?"

Dokta alitazama chini, akashindwa kujizuia, akacheka. Koloneli akageukia dirisha na kukohoa. Na Musoki, ambaye hakuwa amesikia utani wa mumewe tangu Gety, alisikia kitu kimemfunguka kifuani, akaketi palepale sakafuni na kulia kwa sauti. Alikuwa anafurahi, na alikuwa amekasirika kwa vile ilikuwa rahisi hivi, neno moja tu, na wao wamelikosa muda wote huo.

"Mfano yangu haikufaa," alisema Dokta akifuta miwani. "Kichwa ya weye itarudia. Wengi wanapona. Haitakuwa kesho, na labda kidogo itabakia, sitakudanganya. Lakini ulale, usinywe pombe, usikae mu kelele, ufanye kazi moja kisha upumzike. Na mzinga, hapana. Hata ile unayopiga weye mwenyewe iko inatikisa kichwa. Ingine bomu juu ya hii, sitajua kukusaidia."

"Kwa hiyo mi si kichaa," alisema Josaphat.

"Hapana."

"Na si mwoga."

"Mwoga angekuja kuniona zamani," alisema Dokta.

Josaphat alivua bereti yake, akajifunika nayo uso, akakaa hivyo. Walimwacha. Alipoiondoa alimtazama Musoki pale sakafuni, kwa mara ya kwanza tangu aseme, akamnyooshea mkono ili ainuke. Hakusema kitu kuhusu kiapo, wakati ule wala baadaye.

Koloneli alirudi kutoka dirishani. Sauti yake ilikuwa kali, lakini ule ukali ulikuwa umekosa pa kushika. "Jumatatu Adolphe atachukua mzinga. Ajida atabakia hapa, mu mikono ya Dokta, na mu nyumba yake."

"Mon colonel," alisema Josaphat. "Gauthier alikuwa pembeni yangu. Chini ya ukuta ile ile."

Koloneli akamgeukia Dokta. Dokta Hortense alimtazama na hakumsaidia.

"Iko wapi?"

"Marabo," alisema Musoki, akijifuta pua kwa ncha ya kitenge. "Kwa shemeji yake."

"Gari iende imulete," alisema koloneli. "Na magodoro yake." Kisha akamgeukia Musoki, na wote wakadhani amemaliza. "Na weye, mama. Ulitembea saluti ikiwa haijafunguliwa, mbele ya kambi nzima. Sheria ni ya wote. Utachukua kupekupe."

"Ndiyo, Koloneli," alisema Musoki, na hakuna mtu aliyewahi kuipokea adhabu hiyo kwa uso mzuri vile.

Nje, beseni lake lilikuwa palepale barabarani. Yule mwenye pikipiki aliyekuwa na mbuzi alikuwa amelisimamia, akiwafukuza mbwa kwa mguu. "Uliona, mama, hakuna samaki alitembea," alimwambia. Musoki akamchagulia mkubwa kuliko wote.

Akafyeka majani kando ya ua wa kambi mpaka mikono ikapata malengelenge. Alifyeka akicheka peke yake, mara akilia, kisha akicheka tena. Honorine alipita, akasimama mbali kidogo.

"Mama Falone," alisema kwa huruma, "na weye walikupatia?"

Hilo likamfanya Musoki acheke mpaka akajiegemeza kwenye ua. Honorine akaondoka haraka kwenda kuchemsha dawa.

Majani ya pale ni mengi, na Musoki hakuwa na haraka. Jua lilipopungua Josaphat akaja, amevaa shati la nyumbani, akaketi kwenye jiwe karibu yake. Dokta alikuwa amempa kazi moja kwa siku ile, kuketi.

"Nani alikupatia hii kazi?" aliuliza.

"Koloneli."

"Juu ya nini?"

"Nilitembea saa ya drapo."

Josaphat akatikisa kichwa kwa ujinga wa wanawake wa Butembo. Baada ya kitambo akauliza tena nani aliyempa ile kazi, naye akamjibu tena, bila kuchoka, bila kuangalia nyuma kama kuna mtu anasikia. Ndiyo mara ya kwanza aliyomjibu kwa sauti yake ya kawaida nje ya nyumba.

Saa ya kushusha drapo ikafika. Filimbi ya kwanza ililia kutoka uwanjani, na safari hii aliyeipiga alikuwa sajini mume wa Honorine. Musoki akasimama, kupekupe mkononi. Josaphat akainuka kwenye jiwe, akanyooka fiksi ndani ya shati lake la nyumbani. Bendera ikashuka polepole. Filimbi ya pili ikalia, fupi, safi. Bulevari ikaondoka, pikipiki zikapiga honi, akina mama wakaendelea na bei zao.

Josaphat hakusogea. Alisimama vilevile, mikono imenyooka, macho kwenye mti usio na bendera. Musoki akangoja kidogo. Akaweka kupekupe chini, akamsogelea.

"Baba Falone," alisema taratibu, "walipiga ya pili."

"Nilisikia," alisema Josaphat. Akapumua mpaka ndani. "Niko nasimama tu. Leo kichwa imetulia."

Musoki hakuondoka. Alisimama pembeni yake, mikono imejaa harufu ya majani, wakatazama watu wakipita.